Makomamanga Yaliyovishwa Bitana

Methali hii watu wengi huitamka huku wakimtazama mtu mwingine. Husema kikulacho ki nguoni mwako, maana yake anayekudhuru hatoki mbali, yumo karibu nawe kama chawa ndani ya shati. Kisha jicho linamwendea mke, ndugu, jirani au mpangaji. Ni wachache wanaolisema neno hilo na kuanza kukung'uta shati lao wenyewe. Fundi mmoja wa cherehani alifundishwa kulikung'uta lake akiwa na miaka sitini na minne, tena mbele ya watu.

Wateja walimwita Kipimo kwa sababu hakuamini kitu asichokipima. Mkate akiununua, aliuzungusha mkononi kuona kama umepunguzwa upana. Futi ya kushonea haikumtoka shingoni, na nyuma ya sikio la kulia alichomeka kipande cha chaki ya buluu, kama seremala na penseli yake. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa duka: cherehani mlangoni ili ipate mwanga, kioo kirefu cha wateja ukutani, na gunia la vipande vya nguo ambavyo hakuwahi kuvitupa. Nyuma kulikuwa na vyumba viwili, jiko, na ua mdogo uliotenganishwa na ua wa jirani yake, Dobi mfua nguo, kwa ukuta unaomfika mtu kifuani.

Katikati ya ua ulisimama mkomamanga. Marehemu mkewe aliupanda mwaka ambao mtoto wao wa pekee alianza kutembea. Enzi za uhai wake, tunda la kwanza kuiva lilipasuliwa mezani na kila aliyekuwamo nyumbani alipata punje. Alipofariki, Kipimo alibaki kuulinda mti ule kama mtu anayelinda kaburi, na punje zikaanza kugawiwa kwa hesabu.

Msimu uliotangulia kisa hiki, shore walimtoa jasho. Shore ni ndege mdogo mwenye kichwa cheusi na mdomo wa udadisi. Tunda halimalizi, hutoboa hili, huonja lile, akahamia jingine kama mnunuzi asiye na pesa. Kipimo alitundika makopo, wakayazoea. Akasimamisha sanamu la majani lenye koti kuukuu, wakatua mabegani mwake na kuimba. Mwisho akautupia mti wavu wa zamani wa kuvulia samaki. Siku ya pili ndege mmoja alinaswa, bawa limepinda, analia kwa sauti nyembamba ya kukata maini. Mkaza mwanawe, ambaye wakati huo alikuwa na mwezi mmoja tu katika nyumba ile, alipanda juu ya kigoda akaukata wavu vipande vipande.

"Mkasi wa suti huo!" Kipimo alipiga kelele kutoka dukani.

"Na roho ya ndege je, Baba?"

Ndege alilazwa siku tatu ndani ya kikapu cha Dobi, kisha akaruka upande upande akaenda zake. Jioni ya siku ile ya mkasi, Kipimo aliukusanya wavu uliobaki akauchoma. Usiku usingizi ulimpaa kwa ile sauti. Tangu hapo aliapa kwamba makomamanga yake atayalinda kwa sindano na uzi, bila kumwaga damu ya kiumbe.

Basi msimu huu alishona mifuko thelathini na minane. Alitumia mabaki ya bitana za makoti, akaikunja mara mbili ili mdomo wa ndege usipenye, akaitia kamba ya kubania. Alipanda ngazi matunda yakiwa yamekwisha kuwa makubwa kama ngumi, akayapima moja moja kwa futi, akayavisha. Kila mfuko aliufunga kwa fundo alilofundishwa na mwalimu wake wa ushonaji, fundo ambalo mtaa mzima alilijua yeye peke yake.

Dobi aliegemea ukuta akamtazama. "Fundi, makomamanga yanakwenda harusini?"

"Yanakwenda mahali ambapo wewe hukualikwa."

"Umeyakagua kwanza lakini? Nguo huvaliwa ikishafuliwa."

"Wewe kafue. Tunda langu nimelipima."

Kweli alikuwa amelipima, ila kutazama na kupima ni mambo mawili. Baadhi ya matunda yalikuwa na kitundu karibu na taji, kidogo mno, kama kile kinachoachwa na pini kwenye kitambaa. Kipimo aliviona vitundu hivyo, akadhani ni shore aliyejaribu akashindwa. "Tundu la pini haliharibu koti," akajisemea, akakaza fundo.

Bitana ilimwishia likiwa limebaki tawi moja, lile lililoinamia kwa Dobi, lenye matunda saba. "Hayo basi sadaka ya ndege," alisema kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Mkaza mwana alikuwa na mimba ya miezi sita, na mate yalikuwa yakimjaa kwa hamu ya vitu vikali. Mumewe, mtoto wa Kipimo, alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, nyumbani alionekana mara moja kwa mwezi. Mkwe na mkaza mwana walikuwa wakiishi kwa amani, yeye akipika na kutia vifungo, mzee akishona na kulalamika. Siku moja mkaza mwana alimwambia, "Baba, nipe komamanga moja tu, hata kama halijaiva."

"Subiri, mwanangu. Likichumwa kabla ya wakati ni hasara."

"Mjukuu wako ndiye anayeomba. Mimi tarishi tu."

Kipimo alicheka, naye akacheka. Lakini maneno yale mzee aliyakunja akayaweka, kama anavyoweka kipande cha nguo kwa siku ya haja.

Siku ya haja haikuchelewa. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka, Kipimo aliuzunguka mti akiminya mifuko mmoja baada ya mwingine, kama daktari anayekagua wodi. Wiki ya tatu alikuta mfuko mmoja umekuwa mwepesi. Kesho yake miwili. Tunda lilikuwamo ndani, lakini lilibonyea kama shavu la mzee asiye na meno. Mafundo yalikuwa vilevile.

"Ndege hajui kufunga fundo," alijisemea. Hapo moyoni mwake akaingia shetani. Alisahau kwamba mtaani fundo lile halikujulikana na mtu mwingine yeyote. Alichokumbuka ni kwamba lipo, kwa hiyo mtu amelifungua, ametenda jambo, akalifunga tena. Jambo gani? Juisi imenyonywa. Kwa kitu gani? Akili ikamwendea Dobi, mwenye bomba la kunyunyizia nguo maji kabla ya kupiga pasi. Bomba linaloweza kutoa maji, litashindwaje kuyavuta?

Akavuka kwenda kwa Dobi akijifanya ameenda kusalimia. Alizunguka kati ya mashuka yaliyoanikwa, akanusa hewa, akalishika lile bomba akalitikisa sikioni. Kisha akaitazama mikono ya jirani yake, myeupe na yenye makunyanzi kwa sabuni.

"Unatafuta nini chini ya kucha zangu, Fundi?"

"Natazama tu jinsi mtu anavyozeeka."

"Basi rudi kwako, una kioo kikubwa zaidi."

Kipimo alirudi, lakini shaka ilikuwa imeshapata kiti na kinywaji. Usingizi ukamwia haba. Akakihamisha kigoda cha jikoni akakificha chini ya kitanda chake, ili mtu asipate cha kupandia. Mwishowe akaja na werevu uliomfanya atabasamu peke yake: alisaga chaki yake ya buluu, akaipaka kwenye kila fundo. Atakayegusa atajitangaza mwenyewe.

Asubuhi alipita kuminya mifuko yake kama ada, akaingia jikoni kunywa maji, ndipo alipoiona. Buluu! Iko kwenye kitasa cha mlango wa ua. Iko kwenye kikombe cha maji, na kwenye taulo la jikoni, alama ya vidole viwili. Hata kifuniko cha kopo la sukari kilikuwa nayo. Mwizi hakuwa nje ya ukuta. Mwizi alilala ndani.

Siku zile mzee alikula kidogo, akachunguza zaidi. Mkaza mwana akipeleka tonge kinywani, mzee alimkodolea macho akitafuta wekundu wa komamanga midomoni.

"Baba, nina kitu usoni?"

"Kula tu."

Akikosa wekundu, akasema huyu ananawa. Akikuta wekundu wa nyanya, akasema nilijua. Mwenye shaka hakosi kushiba; kila analolikuta kwake ni chakula.

Jumamosi gauni la mkaza mwana lilikuwa limetundikwa kitini likisubiri kufuliwa. Kipimo alipita, akasimama kama aliyepigwa na radi. Ubavuni mwa gauni, chini ya kwapa kuelekea kiunoni, kulikuwa na buluu. Alilichukua akalipeleka dukani, akamwita mwenye gauni. Dobi naye alikuwa akiingia wakati huohuo, ameweka begani suruali za wateja alizozipiga pasi.

"Mwanangu," alisema Kipimo, "nitakuuliza, nawe useme kweli. Makomamanga huwa unayala saa ngapi?"

Mkaza mwana, aliyekuwa na bakuli la vifungo mkononi, alitabasamu akidhani ni mzaha. "Ya ndotoni, Baba? Hayo nayala alfajiri."

"Sifanyi utani. Chaki imekutaja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nashuku ukuta wa jirani, kumbe anayenimaliza yumo jikoni kwangu, kavaa gauni nililolishona mwenyewe!"

Bakuli likawekwa mezani polepole. Uso wa yule mwanamke ulikuwa umekauka. "Siku ile niliomba, Baba. Ukaninyima, nikacheka, nikaenda kuwatilia watu vifungo. Mwizi haombi kwanza. Sasa namwita kaka yangu aje anichukue. Mwanangu hatazaliwa katika nyumba ambamo mama yake anachunguzwa mdomo akila."

Akaingia ndani. Walimsikia akiongea na simu kwa sauti ndogo, kisha zipu ya sanduku ikilia. Kipimo alibaki amesimama na gauni mkononi. Mwanawe alikuwa njiani, siku nne mbali. Angerudi akute mke hayupo na mtoto atazaliwa kwa watu, na kuanzia siku hiyo neno Baba lingetoka kinywani mwake kama salamu ya mgeni. Mzee aliyajua yote hayo, lakini shingo yake ilikuwa ngumu. Chaki ni chaki.

Dobi alizitua suruali. "Nipe hilo gauni."

"Haya si ya kwako."

"Nipe, bwana. Gazeti silisomi vizuri, lakini nguo nasoma. Miaka thelathini nasoma nguo za watu: aliyelia, aliyeanguka, aliyesema yuko kazini kumbe alikuwa kwenye mchuzi." Alilishika gauni akalipeleka mlangoni penye mwanga. "Njoo uone. Mwizi akijifuta hujifuta hivi," akapitisha kiganja kwenye paja lake, hovyo hovyo. "Hii ya kwako imenyooka kama reli, imeanza hapa ikaishia hapa, vidole viwili kutoka kwenye mshono, mwanzo hadi mwisho. Mstari huu umepigwa kwa rula. Gauni hili nani alilipanua?"

Kipimo alianza kuizungusha futi shingoni.

"Nakuuliza wewe, fundi wa mtaa."

"Mimi," alisema. "Wiki mbili zilizopita. Kwa ajili ya tumbo."

"Haya, geuka." Dobi alimshika mabega akamsimamisha mbele ya kioo cha wateja. Miaka mingi Kipimo alikuwa akiwageuza watu mbele ya kioo kile, akiwatazama migongo na mabega yao. Yeye mwenyewe hakuwa amejitazama. Sasa aliona sikio la buluu. Kola ya buluu. Mfuko wa shati na sehemu ya tumbo anapojifutia vidole vilikuwa buluu tupu.

"Asubuhi ukimaliza kuminya mifuko yako iliyopakwa chaki," Dobi aliuliza taratibu, "mkono unaupeleka wapi?"

"Naingia ndani. Nashika mlango, nakunywa maji..." Alikumbuka taulo. Akakumbuka sukari ya chai yake. Hata hivyo shaka haifi kwa pigo moja. "Lakini matunda yanaisha, Dobi! Hilo nalo nimejipaka?"

"Twende tukamuulize mwenyewe aliye ndani."

Walitoka uani. Kipimo alishika mfuko wa kwanza, na kulifungua lile fundo kulimchukua muda mrefu, maana lilikuwa halijafunguliwa tangu siku alipolifunga. Mfuko ulipofunguka, harufu ya kuchacha iliwapiga puani. Karibu na taji la tunda kile kitundu cha pini kilikuwa kimekuwa shimo, na pembeni yake kulikuwa na unga mweusi kama ugoro. Dobi alilipasua kwa vidole. Punje zilikuwa za kahawia, na katikati yake alilala kiwavi mnene, mfupi, ametulia kama mgeni aliyepewa chumba na ufunguo.

Mfuko wa pili, kiwavi. Wa tatu, kiwavi. Kipimo alipanda na kushuka ngazi, jasho linamtiririka, hata akaufikia wa mwisho. Kati ya matunda thelathini na manane, tisa tu yalikuwa mazima. Mayai ya kipepeo yalitagwa kabla hajavisha. Yeye akamfungia adui ndani, akamshonea mlango wa bitana mara mbili, akasimama nje kumlinda asisumbuliwe.

"Sasa tazama hapa," alisema Dobi, akivuta lile tawi la sadaka lililoinama upande wake. Matunda saba. Matatu yalikuwa yamedonolewa. Manne yalikuwa mekundu, mazito, ganda limekaza kama ngoma. "Shore wanakuja kila asubuhi. Wanatoboa tunda moja, ndiyo, sikatai. Lakini nikiwa napiga pasi nawaona wanavyookota viwavi kwenye matawi. Mimi nawawekea maji kwenye beseni, na wewe ulidhani nawafundisha wizi."

Kipimo aliketi chini, juu ya maganda. Alipoinua macho, mkaza mwana alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na sanduku lake. Hakuna aliyejua amekaa pale kwa muda gani.

"Mwanangu, nimekukosea."

"Umenikosea, Baba."

Nje honi ililia. Kaka yake alikuwa amefika. Mzee aliinuka, magoti yakalia, akachuma tunda kubwa kuliko yote kwenye tawi la ndege. Alilipasua kwa mikono, akalileta juu ya viganja viwili vya buluu. "Hili lilikuwa la kwako tangu siku ile ulipoomba. Niliona hasara ya tunda, sikuona hasara ya mtu."

Yule mwanamke alilitazama komamanga, akaitazama ile mikono. Akachukua punje moja. Ilikuwa kali; akafumba macho. Akachukua nyingine. Kisha akapaza sauti kuelekea barabarani, "Kaka, ingia ukae kwanza! Sijaamua."

Sanduku lilikaa karibu na mlango siku sita, limefungwa vilevile. Kaka alirudi kwake peke yake. Siku ya nne mume alifika, akaliruka sanduku kuingia ndani, na aliyemsimulia kisa chote, bila kujipunguzia hata inchi, alikuwa Kipimo mwenyewe. Siku ya saba mzee aliamka akakuta mlangoni patupu, sanduku halipo. Akatoka uani mbio, akaliona gauni lililopanuliwa linapepea kwenye kamba, limefuliwa, halina mstari.

Msimu uliofuata Kipimo alishona tena. Safari hii alitumia kitambaa cha chandarua, chenye matundu madogo asipite kipepeo wala usinase ukucha wa ndege. Alivisha mara tu ua lilipodondoka na tunda kuwa dogo kama kifungo cha koti, baada ya kuligeuza na kulitazama pande zote. Mkaza mwana ndiye aliyekuwa mkaguzi, mtoto mgongoni, na alichokikataa kilikatwa papo hapo. Tawi la ukutani liliachwa uchi kwa ajili ya shore, na kigoda kilirudi jikoni. Tunda la kwanza lilipasuliwa mezani. Dobi alipata punje zake, akalalamika kwamba ni chache.

Hadi leo wateja humuuliza Kipimo yule mwizi wa makomamanga alikuwa nani. Yeye huacha cherehani, akasimama mbele ya kile kioo, akaikung'uta chaki ya buluu kifuani mwake kwanza, ndipo akawajibu: "Nilimtafuta ukutani, nikamtafuta jikoni. Kikulacho ki nguoni mwako."